Ubeti Tuliomwachia Mwalimu

Esther alipiga simu Jumamosi mchana, nikiwa nimekaa sakafuni nakunja nguo zilizotoka kwenye mashine zingali na joto. Alizungumza Kiingereza, kama alivyozungumza nami tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, na Kiswahili akakitia pale tu alipotaka nisiweze kukataa. Alisema harusi yake ni mwezi ujao, ukumbi upo Lanham, kwaya ya zamani itakuwepo. "Baba anasema utaimba, anti," alisema. "Sikumsikia akiuliza." Kisha simu ikabadilisha mikono, nikasikia mtu anavuta pumzi, halafu sauti ambayo hata leo, baada ya miaka kumi na tisa, hunifanya ninyooshe mgongo: sauti ya kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji. "Salome. Sauti ya pili. Usichelewe." Nikamjibu sawa Mwalimu, naam Mwalimu, na simu ilipokatika nikajikuta nimelikumbatia taulo kifuani, moyo unanienda mbio. Haikuwa hofu. Ilikuwa furaha ile ile ya zamani, furaha ya mwaka ambao niliamini kwamba Mungu ameniambia jambo mimi, kwa jina langu, na kwamba atalitimiza kabla jua la Pasaka halijatua.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Niliishi Laurel, mji mdogo karibu na Washington, ghorofa ya pili, pamoja na Ciru, Mkenya aliyefanya kazi kwenye duka kubwa kule Columbia Heights na aliyerudi kila siku na visa vya wateja, akiviigiza sebuleni kabla hata ya kuvua koti. Reli ilipita nyuma ya jengo letu. Treni ya abiria ilipokuja, vikombe vilivyofunikwa juu ya sinki vilianza kugongana taratibu, na Ciru alikuwa akisema, "Wageni wamefika, weka chai." Mimi nilikuwa namtunza bibi mmoja Mmarekani mitaa mitatu kutoka hapo, nikimpikia uji wa shayiri asubuhi na supu mchana, nikimsomea barua zake. Nilipofika nchi hii nilidhani upweke ni kukosa watu. Nikajifunza kwamba unaweza kuzungumza na watu mchana kutwa na usiwe umesikilizwa hata mara moja. Miezi minane baada ya kuwasili nilikuwa nimeshaamua kurudi Dodoma, nimeshamwambia mwenye kazi, sanduku lipo wazi juu ya kitanda. Jumapili hiyo Ciru, ambaye mwenyewe hakuwa mtu wa ibada, alinishusha mbele ya kanisa moja la Lanham ambalo Waswahili walilikodi saa za alasiri, akasema nikamuage Mungu wa Amerika. Nikaingia, na Mwalimu Bisimwa alikuwa anaimba.

Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hakuisikia sauti yake. Alikuwa mwanamume mfupi kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo, amefanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja tangu afike, mikono imekakamaa kwa mvuke na sabuni, na akifungua mdomo ilikuwa kama mtu amefungua dirisha ambalo hukujua kwamba chumba kinalo. Hakupaza. Aliimba kana kwamba Mungu amekaa kiti cha mbele na hakuna haja ya kupiga kelele. Jioni hiyo nilirudi nyumbani nikarudisha nguo kabatini. Ciru aliniangalia nikitundika, akauliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia nimepata kwaya. Akasema afadhali angekuwa mchumba, maana wachumba hawana mazoezi kila Jumatano na Jumamosi.

Mazoezi yalifanyika kwa Mwalimu, kwenye nyumba yake ya kupanga karibu na barabara kuu inayoizunguka Washington, mahali ambapo mngurumo wa magari haukukoma na baada ya wiki mbili ukawa kama mvua isiyolowesha. Kinanda kilikaa juu ya meza ya kupigia pasi, kwa sababu urefu wake ulimfaa mpigaji. Makochi yalikuwa bado yamevikwa plastiki ya dukani, na sisi ishirini na wawili tulibanana juu yake tukitoa milio kila tulipovuta pumzi ya kuanzia. Mkewe, Maman Esther, alipika kana kwamba tumetoka shamba: bugali, ndio ugali wao, makayabu ya samaki mkavu wa chumvi, na yale majani ya muhogo ambayo mimi niliyaita kisamvu na yeye sombe. Kila Jumamosi aliniwekea sahani na kusema, "Kula kisamvu yako, ambayo ni sombe." Esther, mtoto wao wa pekee, alipita kati yetu na vitabu vyake vya shule, akijibu kwa Kiingereza kila alichoulizwa kwa Kiswahili, na alikuwa na tabia ya kutuangalia moja kwa moja usoni tulipokuwa tunasali.

Kulikuwa na wimbo mmoja ambao Mwalimu aliutunga mwenyewe, na ndio uliotufanya tujulikane mpaka kwa makanisa ya Baltimore. Kwaya ilikuwa na kiitikio cha furaha, mtu anakaribishwa ndani, miguu inaoshwa, sahani inawekwa. Katikati kulikuwa na ubeti mmoja wa sauti ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Mwalimu. Ulianza hivi: Nimebisha tangu jana, Bwana, na nyumba ni kimya. Mapigo kumi na sita ya kinanda, hayo tu, kisha kwaya inaingia. Nilipokuwa nimesimama safu ya mbele, sauti ya pili, nilikuwa naupata ubeti huo kwenye nywele za mikono kabla haujafika masikioni.

Novemba walimkuta na uvimbe shingoni. Daktari alimwambia mapema, tena kwa mkalimani, kwamba umeukumbatia mshipa unaoendesha sauti, na kuutoa uvimbe ni kuukata mshipa. Walitoa. Alirudi nyumbani mzima, bila saratani, na sauti yake ikiwa upepo mtupu, kama mtu anayepuliza chai. Alipewa karatasi ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya sauti, mara moja kila wiki, kuanzia Januari. Karatasi hiyo niliiona mimi mwenyewe, imebandikwa kwenye friji kwa sumaku ya umbo la ndizi.

Na Januari ndipo Mungu aliposema nami. Sitacheka leo nikisimulia, kwa maana nilikuwa mkweli. Nilikuwa jikoni kwa yule bibi, nimefunga tangu asubuhi, nakoroga uji ambao sitauonja, jua la baridi limepiga kwenye sufuria, na nikasikia ndani yangu, kwa uwazi wa kengele: Pasaka ataimba. Nilizima jiko. Nililia nikicheka. Jumapili iliyofuata niliomba nafasi ya ushuhuda. Kwetu pale kulikuwa na desturi ambayo wasiokuwemo huona ni wazimu: mtu hashuhudii tu yaliyotokea, hushuhudia pia yatakayotokea, na husema kana kwamba yameshatokea, kwa sababu kungoja kuona ndipo ushukuru si imani. Nikasimama nikasema, nashukuru kwa sauti ya Mwalimu, iliyorudi siku ya Pasaka. Kanisa lote likasimama. Akina mama wakapiga vigelegele, mtu akaangusha kiti, Maman Esther akanikumbatia mpaka kilemba changu kikanivuka. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni ya kinanda. Alinitazama, macho yamejaa, akainua mkono wake. Nilidhani ananibariki.

Tangu siku hiyo tuliuacha ubeti wake wazi. Hakuna aliyeruhusiwa kuuimba, hata kwa mzaha. Mazoezini tulifika pale, kinanda kikaenda peke yake mapigo kumi na sita, na sisi tukafumba macho tukaomba kwa moyo, kisha tukaingia na kiitikio. Ilikuwa tamu kuliko kuimba. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna hiyo, na nimeolewa, na nimezaa. Nilikuwa naamka kabla ya saa kulia. Theluji ikianguka nilidhani inaanguka kwa ajili yetu. Tulifunga mpaka saa tisa kila Ijumaa, watu ishirini na wawili waliotawanyika kwenye hoteli, nyumba za wazee na maofisi, na ikifika saa tisa tulitumiana ujumbe wa neno moja, Anaimba. Na kwa kuwa tuliamini, tulimwambia Mwalimu asiende kwa mtaalamu. Si mchungaji aliyemwambia. Ni mimi niliyeanza, kwa upole kabisa, nikiwa na sahani ya sombe mkononi. Nilimwambia kwamba kwenda kujifunza sauti nyingine ni kumwambia Mungu, nakupa muda lakini nimeweka akiba. Jumatano iliyofuata karatasi haikuwepo kwenye friji. Sumaku ya ndizi ilikuwa imebaki peke yake.

Ciru alisikia habari hiyo akiwa anapaka rangi kucha, akasimamisha brashi hewani. "Ngoja kwanza. Mungu amekuambia wewe, na Mwalimu hakumwambia? Si koo ni yake?" Nikamwambia hayo ni mambo ya kiroho, hawezi kuyaelewa. "Ya kiroho sijui," akasema. "Ya koo najua. Daktari alimpea appointment." Na ilikuwa juma hilo hilo, nikipeleka vyombo jikoni kwa Mwalimu baada ya mazoezi, nilipomsikia Maman Esther akiongea nyuma ya mlango, sauti ya chini na ya haraka. "Kanisa muzima inangojea. Ukienda kwa ule docteur kesho, batasema je? Batasema nyumba yetu haina imani." Ukafuata ule mpulizo wa upepo ambao ndio ulikuwa usemi wa Mwalimu, mrefu, ukikatika na kuanza tena. Sikushika neno hata moja. Kisha mke akasema, "Basi. Ngojea Pasaka." Niliisikia sauti ya mtu anayetaka kwenda, na nilijua. Nakumbuka nilivyojua. Nikarudi sebuleni na rundo langu la sahani, nikaziweka juu ya kinanda, na nikajiambia kwamba nimesikia mtu akishinda jaribu.

Pasaka ilikuja na jua. Tulikuwa na sare mpya, kitenge cha buluu chenye ndege wa njano, na mimi nilikuwa nimevaa yangu tangu saa kumi na moja alfajiri kwa kushindwa kulala. Ukumbi wa chini wa kanisa ulinukia kuku na makayabu. Watu walitoka mpaka Richmond. Esther alipewa kamera ya video aurekodi muujiza, akasimama pembeni juu ya kiti, uso umekunjamana kwa umakini. Tuliimba nyimbo mbili. Ikaja ya tatu. Mwalimu alisimama mbele yetu, mgongo kwa watu, kama alivyosimama siku zote akituongoza, suti ya kahawia, kovu jembamba juu ya kola. Tuliimba kiitikio kiasi kwamba nilihisi sakafu ikitetemeka. Kisha kinanda kikabaki peke yake, na nikafumba macho.

Nilingoja. Nilisikia pumzi yake ikiingia. Nilisikia ikitoka. Mapigo kumi na sita yakaisha, mpiga kinanda akarudia, na mimi nikasema ndani yangu, sasa. Yakaisha tena. Sasa. Nyuma yangu mtu alikuwa akilia kwa kwikwi. Mara ya tatu kinanda kilififia katikati, vidole vikaacha kimoja kimoja, na zikasikika feni za ukumbi wa chini. Nilipofumbua macho Mwalimu alikuwa ameshusha mikono yote miwili. Mchungaji akachukua kipaza sauti, akasema wakati wa Bwana si wakati wetu, na baadaye, kwenye mahubiri, akasema huenda palikuwa na mtu kati yetu ambaye imani yake inachechemea. Kila mmoja akajitafuta. Mimi sikujitafuta. Imani yangu ilikuwa imesimama kwa miguu miwili, na hilo ndilo lililoniua. Kama ningekuwa nimesita hata kidogo, ningekuwa na pa kuilaza lawama.

Chakula kilibaki. Niliondoka bila kuagana, nikapanda basi na sare yangu yenye ndege, na Ciru akanifungulia mlango. Alinitazama usoni, akaenda jikoni, akaweka tangawizi kwenye chai na kukanda unga. Sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kunitendea jambo la heshima kuliko lile la kutosema niliyajua haya. Nilipoanza kuongea alinisukumia chapati. "Kula kwanza," akasema. "Utamkasirikia Mungu vizuri ukiwa umeshiba." Nikala, na nikamkasirikia kweli. Nilimwambia Mungu kwamba sikuomba gari wala mume. Nilimwambia kwamba kama ulitaka kumnyamazisha mtu, ungeninyamazisha mimi, ambaye hakuna atakayeona tofauti. Kisha nikaacha kumwambia chochote, kwa majuma saba, na Jumatano na Jumamosi nikakaa nyumbani nikisikiliza vikombe vikigongana.

Aliyenitoa ni Esther. Alipiga simu ya nyumbani, akasema kwa Kiingereza niende kwao, kuna kitu nimekosa kukiona. Nilipofika alikuwa peke yake sebuleni, ameunganisha kamera na televisheni. Nikamwambia sitaki kutazama. Akabonyeza. Na pale kwenye kioo tulikuwepo sisi, ishirini na wawili wa buluu na njano, nyuso zimeelekea darini, zimelowa, zinang'aa, zote zimefumba macho, na mpiga kinanda pia. Mbele yetu Mwalimu. Anafungua mdomo, kifua kinapanda, hakuna kitu. Anangoja pigo moja tu, labda mawili. Kisha anainua mkono wa kulia, anahesabu kwa vidole, nne, tatu, mbili, moja, na anaushusha kutupa nafasi ya kuingia. Hakuna anayeingia. Kinanda kinarudia. Anahesabu tena, kwa upana zaidi, kama mtu anayeita teksi. Mara ya tatu anatuonyesha kwa mikono yote miwili, anatusihi. Halafu anaishusha na kusimama tu, akituangalia mmoja mmoja. Esther alisimamisha picha. "Alikuwa anawaita muingie," akasema, na safari hii kwa Kiswahili, polepole, asikosee. "Wote mlifumba macho."

Sikujua kwamba Mwalimu amesimama kwenye mlango wa jikoni mpaka nilipogeuka. Nilimwambia yote hapo hapo, bila kupanga. Kwamba ni mimi niliyeiondoa ile karatasi kwenye friji, kwa mdomo kama si kwa mkono. Kwamba nilimsikia siku ile akimwomba mkewe, nikajifanya sikusikia. Alikuja akakaa karibu yangu, plastiki ikalia, na ilibidi niinamishe sikio mpaka karibu na kinywa chake. "Mimi pia nilitaka muujiza, Salome," alipuliza. "Niliutaka kukupita wewe." Akapumzika. Kisha, "Jumanne utanipeleka kwa docteur?"

Hivyo ndivyo mwaka wangu ulivyopata nusu yake ya pili, na ajabu ni kwamba msisimko ulirudi, ukiwa umevaa nguo za kazi. Kila Jumanne niliazima gari la Ciru, kuukuu, lenye mlango mmoja usiofunguka, tukaenda. Mtaalamu alikuwa dada mwenye soksi za rangi mbili tofauti. Alimpa Mwalimu glasi ya maji na mrija, akamwambia avumishe sauti ndani ya maji. Mtunzi mkubwa wa nyimbo, baba wa watu, akipuliza mapovu kama mtoto, maji yakimrukia tai. Wiki ya nne mapovu yalitoa mlio. Wiki ya tisa alisema "aaa" na mimi nikapiga meza kwa kiganja, mtaalamu akashtuka. Tuliporudi barabarani alilisema jina langu, lote, kwa sauti yenye kutu, nikapitiliza njia ya kutokea na tukaenda kilomita nyingi bure, tukicheka, yeye bila sauti, mabega tu. Siku moja nikamuuliza mtaalamu kama ile miezi iliyopotea ndiyo iliyoua sauti ya kuimba. Akafikiri, akasema kwa ukweli kwamba hakuna anayeweza kujua. Wapo waliowahi wasipone, wapo waliochelewa wakapona. Nimeishi na sentensi hiyo tangu hapo. Sijui hata leo kama ni Mungu aliyeniangusha au ni mimi niliyemwekea maneno kinywani, kisha nikamdai. Nilirudi kuomba, lakini sijasema tena kwamba Mungu ameniambia. Na ilinichukua miaka kulitambua jambo moja dogo. Katika wimbo ule wote, ubeti wa Mwalimu ndio pekee uliokuwa na malalamiko. Miezi mitatu tulikuwa tumemwimbia Mungu makaribisho matupu, na mtu anayebisha mlangoni tukamwacha nje.

Jumamosi iliyopita Esther aliolewa. Tulikuwa saba, mpiga kinanda akiwa wa nane, mvi na miwani, na sare tulizopata zilikuwa chache, yangu nikiwa nimeiongeza kipande kipana chini ya kwapa. Maman Esther alinipita na sinia, akasema sombe yangu, ambayo ni kisamvu, ipo. Ciru alikaa meza ya nyuma na mumewe, akinipungia kama mama kwenye sherehe ya shule. Ndugu mmoja wa bwana harusi, kijana mwenye sauti nzuri, alijitolea kuimba ubeti wa katikati, na Mwalimu, ambaye sasa ana miaka sabini na anatembelea fimbo, akamjibu kwa ile sauti ya kiti na saruji, "Hapana. Ile ni yangu." Akasimama mbele yetu, mgongo kwa watu. Tuliimba kiitikio. Kinanda kikabaki peke yake, na nikasikia kope zangu zikitaka kushuka zenyewe, kwa mazoea. Sikuziacha. Midomo yake ilikuwa inasogea. Meza za nyuma lazima walidhani ni kimya, lakini mimi nilikuwa safu ya mbele, na nilisikia, chini kabisa ya kinanda, bila noti hata moja, akimwambia Bwana kwamba amebisha tangu jana. Aliyasema maneno yote mpaka mwisho. Kisha akainua mkono, vidole vinne, vitatu, viwili, na macho yake yalikuwa juu yangu. Mkono uliposhuka, niliingia.